Aspirini ya Kundi Zima

Kwanza nilisikia sauti. Kitu kigumu ndani ya bati, kikitikiswa mara tatu, kikanyamaza, kisha mara tatu tena. Macho yangu yalikuwa bado yamefumbwa na mwili ulikuwa bado mali ya usingizi, lakini kuna sehemu yangu, ya zamani kuliko akili, iliyotaka kuinuka mara moja ikalambe chumvi.

Sauti hiyo nilikua nayo. Utotoni tulipelekwa likizo kwa bibi yangu upande wa Gotu, naye alikuwa akitikisa kopo la magadi, na mbuzi waliotawanyika hadi upeo wa macho walikuja mbio kama watu walioitwa kwa majina. Hayo yalikuwa ya zamani. Ukame uliwachukua mbuzi mmoja mmoja, kisha wengi kwa pamoja, na bibi akahamia mjini, mtaa wa Chechelesi, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa mabati. Hakuwa na mbuzi tena. Hakuwa na hata kuku. Sasa alikuwa akimwita nani?

Nilivuta pazia. Akko, ndivyo sisi Waborana tunavyomwita bibi, alisimama katikati ya ua, shuka mabegani, kopo la maziwa ya unga mkononi. Mlango wa mabati ukafunguka, wakaingia. Mbele alikuwa mama wa mkaa, Mturkana anayeuza mkaa hapo kwenye kona, akiburuta mguu wa kushoto. Nyuma yake mama wa miraa, Mmeru, mpana, ambaye kicheko chake kiliingia uani kabla ya mwili. Mwisho mama wa maziwa, Msomali, mwembamba kama fito, na madumu yake ya maziwa ya ngamia akiyapeleka sokoni. Walijipanga ukutani bila kuambiwa.

Akko alipita mstari wote. Kwa kila mmoja alifungua kopo, akatoa kidonge, akangoja mdomo ufunguke, akatazama koo mpaka likapanda na kushuka. Kisha alichovya kidole katika unga wa mkaa na kuchora mstari mmoja mweusi kwenye kifundo cha mkono. Mwisho alifika kwake mwenyewe: kidonge, maji, alama. Ndipo wakaketi kunywa chai.

Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Nairobi, na mswada wa riwaya ambayo mhusika wake mkuu alikuwa amesimama dirishani tangu Januari, hajaamua kama atatoka. Nilitambua kwamba nami nimesimama dirishani. Nikatoka.

Walinieleza wote wanne kwa wakati mmoja, na nimechukua siku kadhaa kuyapanga maneno yao yakapata kichwa na mkia.

Wote wana sukari. Walijuana kwenye benchi la kliniki ya sukari, Jumanne baada ya Jumanne, wakisubiri kuchomwa kidole. Kisha mama wa mkaa alipigwa na kiharusi, mchana kweupe, akiwa anajaza debe. Aliporudi kutoka wodini mguu ulikuwa mzito na mkono wa kushoto ulikuwa kama wa kuazima, lakini kilichowatisha wenzake ni ulimi. Maneno yalimkimbia. Alitaka kusema maji, akasema mlango. Mteja akimuuliza bei ya debe, alijibu, "Jumapili." Wengine walimwonea huruma, na mama wa miraa anaapa kuna mmoja aliyerudi Jumapili. Kwa miezi mingi maneno yalirejea moja moja, kama mifugo iliyopotea, mengine yakiwa yamekonda.

Akko alimtembelea kila siku. Alikaa naye, akamtajia vitu: hiki kijiko, hii sufuria, huyu ni mimi. Na kila jioni alirudi nyumbani na hofu moja. Bibi yangu anaishi kwa ulimi. Ndiye anayeitwa ndoa ikiyumba, ndiye anayebariki mtoto akienda shule ya bweni, na ukimkosea ndiye atakayeeleza kosa lako, kwa utaratibu, mbele ya mama yako. Nilipomuuliza habari za kopo hakuzungumzia kopo.

"Mguu wauchukue," alisema. "Macho pia, nimeona vya kutosha. Ulimi waniachie."

Hospitali ilimpa mama wa mkaa vidonge vidogo vya aspirini, kimoja kwa siku, ili damu isigande tena na kuziba njia ya kichwani. Akko alisikiliza maelezo hayo vizuri sana. Sukari ndiyo inayoita kiharusi. Wote wana sukari. Dawa hii inafukuza kiharusi. Hapo maelezo ya daktari yakaishia, na mfugaji aliyemo ndani ya bibi yangu akachukua nafasi. Mbuzi mmoja akikohoa, mfugaji mwenye akili hamnyweshi dawa mbuzi mmoja. Ananywesha kundi zima, siku moja, tena anaanza na wale wanaoonekana wazima, kwa sababu hao ndio wenye cha kupoteza.

Akaenda duka la dawa. Muuzaji alimuuliza dawa ni ya nani. Alijibu, "Yetu," na akauziwa.

Ila hakuuziwa vile vidogo. Aliuziwa vikubwa, vya homa na kuumwa kichwa. Akko hakuona tatizo, kwani nani amewahi kunywesha mifugo bila kugawa kwa uzito? Kwenye mnada wa mifugo wanaume wazima walikuwa wakimwendea pembeni awaambie fahali ana kilo ngapi, akatazama mara moja, na mizani ikaja kumkubalia. Basi aliwapanga jirani zake akawazunguka. Mama wa maziwa alionekana ni nusu. Yeye mwenyewe akajipa robo tatu. Kwa mama wa miraa alisimama muda mrefu upande wa mgongo.

"Mama, mimi si ng'ombe wa mnada," mama wa miraa alimwambia.

"Ng'ombe wa mnada hutulia," Akko alijibu, akampa kizima.

Mama wa miraa alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimwona mama wa maziwa akipewa nusu, akamcheka kwamba yeye ni wa kuhesabiwa pamoja na ndama, na tangu hapo alimeza kizima chake kwa majivuno. Mama wa mkaa, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na dawa yake halali, alileta vidonge vyake vidogo akavimimina ndani ya kopo hilohilo. Kundi ni moja, alisema. Akko akawa anamchagulia vyake kwa kidole.

Alama nayo ina historia yake. Mbuzi aliyekwisha kunywa hupakwa rangi, asije akanyweshwa mara mbili. Akko alianza na hina kwenye ukucha, lakini hina haitoki, na kufikia mwisho wa wiki hakuna aliyejua ukucha upi ni wa siku gani. Akahamia kwenye mkaa, akapaka paji la uso, mahali ambapo alama ya mbuzi huonekana kwa mbali. Siku hiyohiyo padre alimsimamisha mama wa mkaa njiani akamuuliza nani ameanza Jumatano ya Majivu bila yeye. Ndipo wakakubaliana kwenye kifundo cha mkono.

Nilicheka, nakiri. Niliandika yote kwenye daftari nikiwa nacheka. Kwa siku nne nilisahau riwaya yangu, nikaamka kwa kopo, nikakaa nao kwenye chai, nikiwaona kama watu niliozawadiwa. Siku ya tano Akko alikuwa akipiga mswaki wake wa mti karibu na mtungi, akatema, na mate yalikuwa mekundu.

Baada ya hapo nilianza kuona. Madoa ya zambarau kwenye mikono yake, kama alama za vidole vya mtu aliyemshika kwa nguvu. Kiganja chake kikikaa juu ya tumbo kila alipodhani sitazami. Maziwa ya ngamia aliyokunywa kikombe baada ya kikombe, kutuliza moto ambao hakuutaja. Siku moja tulikuwa tunatoka sokoni, akaketi juu ya tairi kuukuu mbele ya duka la watu, mwanamke ambaye alikuwa akitembea na mifugo kutwa nzima, akasema ni jua. Mawingu yalikuwa yametanda.

Nilikumbuka pia kwamba miaka mingi nyuma alilazwa kwa vidonda vya tumbo. Nilipomkumbusha alisema vidonda hivyo viliisha pamoja na mume wake.

Nikachukua simu nikasoma. Nilisoma hadi macho yakauma, na nilitaka sana kupata sentensi moja, kali, ya kumsomea kwenye chai. Haikuwapo. Kwa mtu ambaye kiharusi kimeshampata, au moyo umeshamshtua, aspirini ya kila siku kwa kawaida ina faida inayozidi hatari yake. Kwa mwenye sukari ambaye hayajampata hayo, faida ni ndogo na kutokwa damu ni hatari ya kweli, na hatari hiyo hukua na umri, na kwa aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo hukua zaidi. Na katikati kuna watu ambao jibu lao ni kukaa na daktari na kupima.

Akko alinisikiliza mpaka mwisho. "Simu inasema ndiyo au hapana?"

"Inasema inategemea na mtu, Akko."

"Basi hiyo ni simu ya kugombea kiti."

Wenzake walicheka mpaka chai ikamwagika. Nilijaribu njia nyingine: nikalificha kopo ndani ya gunia la unga. Asubuhi wanawake watatu walijipanga ukutani, na badala ya kidonge walipewa maelezo kwamba mjukuu, aliyesomeshwa kwa jasho, amekuja kutoka Nairobi ili bibi yake awe bubu. Walinitazama. Nilikwenda kwenye gunia nikachimbua kopo, nikalirudisha likiwa jeupe kwa unga, na Akko akalifuta kwa pindo la shuka kama anayefuta uso wa mtoto aliyetoka kulia.

Nilibaki na Jumanne. Jumanne ilikuwa kliniki.

Daktari wa kliniki ya sukari alikuwa kijana mwenye mafua, na kalamu mbili mfukoni ambazo zote hazikuandika. Alimwambia Akko, "Habari yako, mama," na Akko akamjibu, "Salaam aleikum," kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwingine kufunga kifungo. Nilikuwa nimepanga kumwomba nizungumze naye pembeni. Sikuhitaji. Kazi ilifanywa na mkaa.

Alianza kuwapima presha. Kwenye mkono wa mama wa miraa aliona mstari mweusi, akaufuta kwa pamba. Kwenye mkono wa mama wa maziwa aliona mwingine, akatulia kidogo, akaufuta. Alipofika kwa mama wa mkaa hakufuta. Aliinamia benchi akatazama mikono yote.

"Mmepiga kura wapi?" aliuliza.

Benchi zima likamgeukia Akko, kama kundi linavyomgeukia kiongozi likisikia fisi. Akko alitazama bango la mboga ukutani. Mama wa miraa ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Ni alama ya aliyekunywa," alisema.

Daktari aliwaingiza wote wanne chumbani, nami nyuma yao. Kopo lilikuwa ndani ya mkoba wa Akko, kwa sababu haendi popote bila kopo, na liliwekwa mezani. Alilifungua. Alitazama ndani kwa muda mrefu, akapiga chafya, akatazama tena.

Hakufoka, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Aliwaeleza polepole kwamba aspirini inaifanya damu igande kwa shida. Ganda la damu likiziba mshipa kichwani, hicho ni kiharusi, ndiyo maana dawa inasaidia. Lakini damu isiyoganda kichwani haigandi tumboni pia, na dawa yenyewe inakwaruza tumbo. Kwa hiyo kila mara unapima mkono huu na mkono huu. Akawapima mmoja mmoja. Mama wa mkaa, kiharusi kilishakuja mara moja na njia kinaijua. Yeye aendelee, vile vidogo, asikose siku, na akiona damu popote aje mbio. Mama wa miraa, presha yake ilikuwa juu sana, na aspirini juu ya presha kama ile inaweza kuleta kiharusi cha kuvuja damu kichwani. Aache, washushe presha kwanza. Mama wa maziwa ndiye mdogo wao na hajawahi kuumwa tumbo, lakini anavuta sigara kwa siri, jambo ambalo lilikoma kuwa siri pale pale. Kwake yeye daktari alisema aache kwanza, apimwe mafuta ya damu na figo, halafu wakae waamue pamoja.

Akko alikuwa amekunja mikono. "Kundi moja," alisema, "ugonjwa mmoja, daktari mmoja. Majibu matatu."

"Na lako ni la nne, mama."

Alimuuliza kuhusu tumbo. Akko alisema tumbo ni zima. Alimuuliza kuhusu choo. Akko aliwatazama wenzake, akanitazama mimi, akasema watu watoke. Tulitoka. Lakini mlango wa chumba kile ni pazia, na tulisimama upande wa pili wanne kama vifaranga, tukisikia kila kitu.

"Cheusi?" daktari aliuliza.

Ikaja sauti ya bibi yangu, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Kama lami ya barabara ya Moyale."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mjukuu hajaja."

Mama wa mkaa alinishika mkono kwa mkono wake mzima. Nilikuwa nimewacheka siku nne nzima, na siku zote hizo bibi yangu alikuwa anavuja ndani, akipiga hesabu yake peke yake: damu upande mmoja, ulimi upande wa pili, na kila asubuhi akichagua ulimi.

Nilivuta pazia nikaingia bila kuitwa. Daktari alikuwa ameinama juu yake, akavuta kwa kidole gumba ngozi ya chini ya jicho lake kutazama wekundu wake. Na hapo Akko, aliyekuwa amejiandaa kubishana mpaka saa sita, alikauka.

Alikuwa anakijua kitendo hicho. Amekifanya maisha yake yote. Mbuzi akiwa mlegevu unamshika kichwa, unavuta kope ya chini, unatazama. Ikiwa nyekundu, mwache. Ikiwa ya waridi, mfuatilie. Ikiwa nyeupe, damu imekwisha, minyoo imeinywa. Hakuna mfugaji anayebishana na kope.

"Nyeupe?" aliuliza.

"Imepauka sana, mama."

"Nipe kioo."

Hapakuwa na kioo. Nilitoa simu, ileile ya kugombea kiti, nikafungua kamera ya mbele, nikamshikia. Akko alivuta kope yake mwenyewe. Alijitazama kwa jicho la mnada, bila huruma, kama anayetazama mnyama wa mtu mwingine.

"Mbuzi wa kope hii," alisema polepole, "hafiki mvua."

Hakuna aliyecheka. Mama wa miraa, nyuma ya pazia, alianza kulia kwa sauti kubwa, kwa kuwa hana nyingine. Akko alimwita ndani, akamshika kichwa, akavuta kope yake. Akawaita wengine, akawavuta wote. Zao zilikuwa nyekundu. Akazitazama moja moja na nikaona uso wake ukilegea kidogo, kisha ukakaza tena, kwa sababu swali lake lilikuwa bado halijajibiwa. Alimgeukia daktari.

"Na ulimi wangu?"

Daktari alipangusa pua. "Siwezi kukuahidi ulimi, mama. Hata aspirini haikukuahidi. Lakini kuna dawa zinazoulinda zaidi kuliko hii, na hazitoboi tumbo. Nilikupa za presha. Unazimeza?"

Akko alitafuta bango la mboga kwa macho, lakini lilibaki nje.

"Ziko msumarini," nilisema. Zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi, zimetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, hazijaguswa, kwa sababu zilimpeleka chooni katikati ya mazungumzo.

Alilazwa siku mbili. Walimwongezea damu, na yeye akaiuliza nguzo ya dripu kama mwenye damu hiyo alikuwa mtu wa maneno mengi au machache. Walimpa dawa ya tumbo, wakapanga apelekwe kupimwa kwa mpira wenye kamera. Kabla hajatoka alikuwa ameshapatanisha vitanda viwili vya wodini vilivyogombania dirisha.

Alhamisi nilimrudisha nyumbani. Ijumaa niliamshwa na kimya. Nililala pale nikisubiri bati, na bati halikuja, na moyo wangu ulianza kupiga kelele badala yake. Nikatoka bila viatu.

Alikuwa ameketi mkekani uani, ungo mapajani, amemwaga kopo lote juu yake. Alikuwa anachambua. Vidonge vikubwa na vipande vyake alivisukuma pembeni kama mawe ya maharagwe. Vidogo alivirudisha ndani ya kopo kimoja kimoja, na kila kimoja kilitoa mlio mdogo kikifika chini.

Mlango wa mabati ulifunguka. Walikuja wenyewe, bila kuitwa, wakajipanga ukutani kwa mazoea, kisha hawakujua wafanye nini na mikono yao. Akko alichagua kidonge kidogo akamnyooshea mama wa mkaa. Mama wa mkaa alifunga mdomo.

"Fungua."

Alitikisa kichwa. Maneno yake bado huja moja moja, na siku ile yalikuja kwa mwendo wa mguu wake. "Siku mbili," alisema. "Sijakunywa."

Dawa zake zilikuwa ndani ya kopo, na kopo lilikuwa ndani ya mkoba wa Akko, chini ya kitanda cha wodi. Alikuja kumwona mgonjwa kila siku, akaketi karibu na mkoba huo, asiulize. Nilimwona Akko akipokea habari hiyo. Ilimwingia kuliko kope.

"Daktari alisema wewe usikose."

"Nyinyi mmeacha." Mama wa mkaa alionyesha kwa mkono mzima: mmoja, wawili, watatu. "Kundi likihama, mimi nibaki boma gani?"

Mkononi Akko alikuwa na mdomo wa mtu, kwa maana alikuwa tayari amemshika taya kama anavyoshikwa mbuzi mkaidi, na mama wa miraa alikuwa tayari ameanza kucheka. Kisha akaliachia taya. Akalipapasa.

"Tazama," alisema, akavuta kope yake mwenyewe. Bado ilikuwa ya rangi ya maziwa. Akavuta ya mwenzake. "Hii yangu. Hiyo yako. Maji ya kisima kimoja yataniua mimi, na kuyakosa kutakuua wewe. Nilikosea. Nilidhani sisi ni mbuzi."

"Mimi ulisema ng'ombe," alisema mama wa miraa.

"Wewe ni ng'ombe. Nyamaza."

Akanigeukia. "Intala," aliniita, binti, "niletee za msumarini."

Nilimletea mfuko wa karatasi. Mama wa miraa alitoa zake za presha kutoka ndani ya sidiria, zikiwa zimepata joto. Mama wa maziwa hakuwa na kitu ila ahadi ya kupimwa, basi alishika kikombe cha maji tu, kwa heshima. Akko alikitazama kidonge chake cha presha kwa chuki ya wazi, akamtazama mama wa mkaa, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze. Wakameza pamoja. Koo zikapanda, zikashuka.

Mama wa mkaa alichovya kidole katika unga wa mkaa. Hakujichora yeye. Alimshika Akko kifundo cha mkono, juu ya moja ya yale madoa ya zambarau, akachora mstari, umepinda, kwa mkono wake ule wa kuazima uliokuwa ukijifunza upya.

Akko alilifunga kopo. Alilishika kwa mikono yote miwili, na nilifikiri amebadili nia. Akaliweka kwenye paja la mwenzake.

"Ni lako," alisema. "Litikise kwako. Asubuhi nisiposikia, nitakuja."

Mama wa mkaa aliinuka, akalibana kopo kwapani, akaenda. Mguu mmoja, kopo likalia. Mguu mmoja, likalia tena. Komeo la mlango ule ni gumu kwa mkono wake, nikamfuata kumfungulia. Alipita bila kugeuka, tayari akitafuta neno la kumwambia mteja wa kwanza aliyesimama kwenye kona. Nikaufunga mlango nyuma yake.